Sambu Alikuwa Amelala

Karatu, 3 Machi 2025

Shangazi Germana,

Shikamoo. Nyumbani wote ni wazima na wote wamenituma nikusalimu, hata wale ambao hawajui kwamba naandika. Bibi kule Daa bado anabishana na redio yake, na redio bado haijashinda. Baba amekuletea debe la maharage. Anasema dada yake aliolewa ndani ya hifadhi, mahali ambapo hata mchicha hauruhusiwi kupandwa, kwa hiyo ni wajibu wake kukulisha mpaka mwisho wa dunia. Debe analo Patrisi, dereva wa gari la dawa, pamoja na barua hii na boksi moja.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ulinikataza kukupigia. Ulisema hupandi kilima kutafuta mtandao ili upepo ukuambie haloo, haloo. Nakubali. Tena kwenye karatasi najisikia nikifikiri.

Ndani ya boksi kuna mabango hamsini. Ofisini nimepewa kampeni ya kimeta, mimi peke yangu, na mkuu wangu Josephati ananitazama kama mtu anayetazama chungu kipya juu ya moto. Lakini sifanyi kwa ajili yake. Mwaka jana nilimwona mume wako hospitalini, mkono umevimba na kidonda cheusi katikati, kwa sababu alichuna dume lililokufa ghafla na hakutaka nyama ipotee. Tangu siku ile nimekuwa najiuliza: mtu anayejua kila kitu kuhusu ng'ombe, alikosaje kujua hilo? Kisha nikagundua kwamba alijua. Aliambiwa. Hakumsadiki aliyemwambia.

Kiangazi kikikolea, ng'ombe watakula nyasi hadi mdomo uguse udongo, na ugonjwa unakaa mlemle udongoni. Kabla ya hapo nataka kila boma lisikie: mnyama akifa ghafla asiguswe, asichunwe, asiliwe, na afisa mifugo aitwe. Nataka hasa yeye, Mzee Meitamei, asichune tena mzoga. Akikubali yeye, rika lake litafuata. Akikataa, mabango yangu ni karatasi tu.

Picha niliipiga mwenyewe Krismasi, pale juu ya boma lenu: ng'ombe mmoja aliyejilaza juani, ukimtazama utaapa amekufa. Mchoraji wetu wa Arusha amempiga alama ya X nyekundu, kubwa. Bandika dukani, kliniki, kwenye josho, kisha uniambie watu wanasema nini. Wewe ndiye mhudumu wa afya wa pale. Macho yako ni macho yangu.

Wako,
Dorkasi


Endulen, 29 Machi 2025

Dorkasi mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe tatu imenifikia tarehe ishirini na mbili. Patrisi alikwama kwenye tope siku nne akala robo ya maharage. Mwambie kaka yangu nimepokea debe pungufu na namshukuru kwa debe zima.

Mvua ni nzuri. Wajukuu wamenenepa, maana siku hizi maziwa mengi yanabaki nyumbani. Wageni nao tumewapata wengi wiki hii. Kila mmoja anakuja na sukari au majani ya chai, anakaa, anatikisa kichwa, anaondoka. Sukari tuliyo nayo itatufikisha Krismasi.

Mabango nimeyapokea. Moja nililibandika dukani siku ileile. Yaliyobaki yapo mahali pakavu.

Nina swali. Hiyo picha, kabla haijachapwa, ulimwonyesha nani wa huku?

Jumatano nina kliniki ya watoto na mizani imeanza kudanganya, inanenepesha kila mtoto kwa nusu kilo. Kina mama wanaipenda sana. Nitaandika tena barabara ikikauka.

Shangazi yako,
Germana


Karatu, 14 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Bibi alipata mafua, akakataa dawa, akapona, na sasa anatudai sifa. Baba anapanda mahindi na kuimba. Mimi ni mzima wa mwili.

Tumeanza kipindi cha redio. Mkulima mmoja wa Oldeani akapiga simu kuuliza kama kimeta kinaweza kuingia kwenye kahawa. Nikamjibu kwa heshima zote. Akasema, "Basi hainihusu, lakini endelea, sauti yako ni nzuri." Nimelitafakari hilo wiki nzima. Mtu anaweza kukusikiliza mpaka mwisho na bado asiwe uliyemkusudia.

Shangazi, nimekaa siku tatu na maneno yako "mahali pakavu". Bango halifanyi kazi mahali pakavu. Linafanya kazi ukutani, penye watu. Josephati anataka taarifa ya robo mwaka yenye picha za mabango yakiwa yamebandikwa, na ya Endulen pekee ndiyo sina.

Umeuliza kuhusu picha. Imechapwa vizuri, karatasi ni nzito, rangi haichujuki hata ikinyeshewa.

Halafu Mzee Meitamei hakunisalimu. Kwa kawaida hunisalimu kwa kunichokoza, ananiita "mwalimu wa ng'ombe" na kuuliza kama nimeshajua upande unaotoa maziwa. Nimeisoma barua yako mara nne nikimtafuta humo. Je, anaumwa?

Dorkasi


Endulen, 6 Mei 2025

Dorkasi,

Marahaba. Karatasi ni nzito kweli. Sikuuliza uzito.

Mzee haumwi. Ana nguvu kuliko alivyokuwa mwaka jana. Amebadilisha njia ya malisho tu. Kila asubuhi anamtoa Sambu, yule jike wetu wa madoadoa, anampitisha mbele ya duka. Anasema anafuata nyasi. Mbele ya duka hakuna nyasi, kuna benchi. Anasimama pale na Sambu mpaka kila aliyekaa kwenye benchi amwone, kisha anaendelea na safari bila kusalimia mtu.

Nanyokie, jirani yangu, alirudi kuchukua sukari yake. Nikampa. Alisema hakujua.

Maziwa bado tunakunywa wenyewe. Walimu waliokuwa wakinunua kwangu wamehamia kwa mtu mwingine. Wanasema ni kwa sababu ya umbali, nami nakaa karibu nao kuliko huyo mwingine.

Salamu Mzee hajatuma. Niambie picha ulimwonyesha nani, nami nitakuambia yaliyobaki.

Germana


Karatu, 19 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na leo naiandika shikamoo hii nikiwa nimeinama kweli.

Jana nilimkuta Patrisi mgahawani anakunywa chai. Aliponiona akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Dada Dorkasi! Umemuua ng'ombe wa shangazi yako!"

"Ng'ombe gani?"

"Sambu! Chapa ya boma lao si inaonekana hapo ubavuni? Mpaka mimi nimeiona, na mimi ni mtu wa magari. Endulen nzima wameenda kutoa pole. Wakamkuta marehemu mlangoni anacheua!"

Nilirudi ofisini nikachukua bango, nikalitazama kama mara ya kwanza. Chapa ipo. Ni kubwa kama kiganja. Nimeishi na picha ile karibu miezi mitano, nikaipunguza, nikaikuza, nikachagua rangi ya maandishi, na kamwe sikuiona. Niliona ng'ombe.

Sasa nakujibu. Sikumwonyesha mtu yeyote wa huko. Mpango niliouandika kwa mkono wangu ulisema: kabla ya kuchapa, picha ipelekwe Endulen, ikae na watu kumi na wawili, wazee kwa vijana, waseme wanaona nini. Wiki ile barabara ilikatika na mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri. Nikawaonyesha wenzangu wanne hapa ofisini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki kuku. Wote wakasema imeeleweka. Nikaandika kwenye fomu, "Jaribio limefanyika."

Sijui kama uliona nilivyokuwa nakimbia swali lako. Nadhani uliona.

Leo asubuhi nimemwambia Josephati. Akasema, "Bora ng'ombe kuliko mtu. Nenda karekebishe, halafu uifute ile sentensi." Nimeifuta. Lakini kurekebisha sijui nianzie wapi. Nimemwaibisha Mzee Meitamei mbele ya watu walewale niliotaka wamfuate, na kiangazi kimebakiza wiki chache. Niambie la kufanya. Lolote.

Dorkasi


Endulen, 30 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sasa ndiyo umeandika barua.

Yaliyobaki ni haya. Nilibandika bango dukani saa nne asubuhi, nikaenda zangu kliniki kwa furaha. Jioni mjukuu wangu wa miaka mitano akanivuta kanga: "Koko, Sambu amekufa lini?" Na Sambu alikuwa anakamuliwa. Kesho yake pole zikaanza. Waliogundua kwamba yu hai wakawa na neno baya zaidi: serikali imempima, imemkuta na ugonjwa, ndiyo maana imempiga X. Nani anunue maziwa yangu? Mzee akalibandua bango mwenyewe, akalikunja vizuri, akanipa. Yote hamsini yapo chini ya kitanda changu. Ni pakavu, sikudanganya.

Sikukuambia kwa sababu ungeomba msamaha kwa barua, na huku msamaha wa barua haujulikani. Na kuna jambo jingine ambalo sikupenda kuliandika. Mimi ndiye niliyelibandika. Nililishika mikononi, nikalisoma, nikalisifia, na chapa ya mume wangu sikuiona. Nina miaka ishirini na sita katika boma hili, Dorkasi, na macho yangu bado ni ya Daa. Mtoto wa miaka mitano amenipita. Nilikuwa nakuuliza wewe swali ili nisijiulize mwenyewe.

Kwetu ng'ombe ni ng'ombe. Huku hakuna ng'ombe hivihivi, kuna ng'ombe wa fulani. Ukimchora aliyekufa, umesema wa nani amekufa.

Mzee amesema uje siku ya mnada, tarehe kumi na nne Juni. Ulete shuka moja kwa ajili yake na chumvi ya mifugo kwa ajili ya Sambu, kwa sababu waliokosewa ni wawili. Mabango yako nitakurudishia. Mimi siku hiyo nina chanjo za watoto, sitaweza kusimama nyuma yako. Nadhani ni vizuri hivyo.

Germana


Karatu, 20 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na Bibi amesema nimerudi nikinuka moshi wa heshima. Siku ile tulionana usiku tu, ukiwa umechoka na chanjo, na mimi nilikuwa bado siwezi kusema. Mzee najua amekusimulia kwa maneno saba. Acha nikusimulie kwa maneno yangu.

Nilimkuta amesimama pembeni ya mnada, fimbo begani, Sambu ubavuni pake. Nikampa shuka kwa mikono miwili. Akalipokea, hakulifungua. Nikaweka chumvi kiganjani nikamnyooshea Sambu. Alinilamba mpaka kwenye kiwiko. Ulimi wake ni kama msasa, Shangazi, na sikuurudisha mkono, kwa sababu watu walikuwa wameanza kukusanyika.

Mzee Lengai, yule wa rika lake, akanizunguka kama ninauzwa.

"Kumbe ndiye huyu. Mbona mdogo?"

"Ndiye," akasema Mzee.

"Ameua ng'ombe bila mkuki. Simba waje wajifunze."

Wakacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Muulize alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

Nikajibu mwenyewe: "Nilikuwa na haraka ya kuwaambia msife."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa umefika. Kaa, utuambie polepole."

Nikakaa. Nikafungua bango moja, nikaliinua karibu na Sambu mwenyewe, nikasema picha hii ni yangu na kosa ni langu, ng'ombe huyu alikuwa amelala tu, ni mzima na maziwa yake ni mazima. Wakatazama bango, wakamtazama Sambu, wakatazama bango. Wale walimu wako wawili walikuwepo. Mmoja akasema, "Basi kesho naja na chupa," na yule mwingine akawa anaangalia viatu vyake.

Nilikuwa nimebeba michoro mitatu mipya, nikidhani nimeshajifunza. Ya kwanza ni ng'ombe asiye na chapa. Lengai akaisukuma kwa kidole: "Huyu ni wa wizi. Mnafundisha wezi?" Ya pili nilikuwa nimebuni chapa. Wazee watatu wakaanza kubishana ni ya ukoo gani, nikaikunja upesi kabla haijawa kesi. Ya tatu ni ng'ombe mweusi na mweupe wa maziwa, kama wa jirani yetu hapa mjini.

"Huyu ni wa Karatu," wakasema. "Huyu anakula kwenye ndoo. Akifa, ni shauri lenu."

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nimeishiwa. Darasani nilifundishwa kwamba ujumbe lazima ujaribiwe kwa walengwa. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata A. Nilidhani kujaribu ni kuuliza kama wameelewa. Hawa walielewa kupita mimi. Walisoma mambo ambayo sikujua kwamba nimeyaandika.

Ndipo Mzee akakunja shuka lake la zamani mpaka begani. Kile kidonda nilichokiona hospitalini sasa ni kovu. Limejikunja kama kitovu.

"Niliambiwa," akasema, na hakupaza sauti, wakasogea wao. "Niliambiwa na mke wangu, na mnajua sauti ya mke wangu. Nikasema nyama ni nyingi na dume ni langu. Siku ya tatu mkono huu haukuweza kushika fimbo. Nilikaa nikitazama watoto wakichunga kwa niaba yangu." Kisha akanigeukia. "Mwalimu wa ng'ombe. Kila ng'ombe ana mwenyewe. Mkono huu nao una mwenyewe, na mwenyewe nipo. Piga picha huu."

Shangazi, aliniita mwalimu wa ng'ombe. Nilijifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Nilipiga, lakini safari hii sikuirudisha simu mkobani. Niliipitisha. Picha ya kwanza wakasema ni mguu. Ya pili wakasema mtu huyu anaomba chakula. Ya tatu ilizunguka watu zaidi ya thelathini, na kila aliyeitazama alitaja jina moja, kisha akasema "alichuna". Hapo ndipo tuliposimama. Maneno ya chini ni ya kwake mwenyewe: "Niliambiwa, sikusikia. Wewe usiguse. Mwite afisa mifugo."

Wakati naondoka nilimwuliza kama mwaka huu dume likifa ghafla ataliacha. Nilitaka jibu, unajua nilivyo. Akasema, "Kiangazi kitajibu," akaondoka na Sambu kwa njia ya duka.

Mabango mapya anayo Patrisi. Sasa ninachoweza ni kungoja, na kungoja sikufundishwa.

Dorkasi


Endulen, 27 Agosti 2025

Dorkasi mwanangu,

Marahaba. Nilichelewa kwa makusudi. Nilitaka nikuandikie jambo likiwa limeisha.

Sisi wazima. Maziwa hayatoshi wateja, wajukuu wamekonda kidogo, inawafaa. Mkono wa mzee wangu upo dukani, kliniki, kwenye josho, na mwenye duka la pili aliuomba mwenyewe ili asipitwe. Watoto wanaupungia wakipita. Mzee anajifanya haoni.

Tarehe kumi na moja asubuhi tuliamka tukakuta dume letu kubwa jeusi limekufa zizini. Jana yake lilikuwa linapigana. Damu nyeusi puani, haigandi. Unajua dume lile lilikuwa nini kwake. Alilipata kutoka kwa baba yake likiwa ndama. Vijana walikuja na visu kabla jua halijapanda, kwa sababu njaa ya kiangazi haisomi mabango, na Lengai akaja nao. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na sauti yangu unaijua.

Mzee akanionyesha kiganja ninyamaze. Akachukua kigoda chake, akakiweka kati ya mzoga na vile visu, akakaa. Akakunja shuka, hili jipya, ulilomletea wewe.

Lengai akasema, "Meitamei, hilo dume ni nono."

"Ni nono," akasema Mzee.

"Utaliacha hivihivi?"

"Nenda dukani ukaniulize. Nimeshakujibu ukutani."

Lengai akacheka, akarudisha kisu alani, na vijana wakafuata. Mmoja nilimtuma kilimani kumpigia afisa mifugo. Alifika saa tisa alasiri. Mzee alikaa pale muda wote, anafukuza tai na mbwa kwa fimbo. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo hata kwa mgonjwa. Walilizika kwenye shimo refu na chokaa, na eneo likazungushiwa miiba. Vipimo vimerudi: ni kimeta. Ng'ombe wetu waliobaki wamechanjwa. Tangu siku ile maboma matatu yameita afisa mifugo kabla ya kushika kisu. Hospitalini mpaka leo hatujapeleka mtu hata mmoja.

Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu akasema, "Mwandikie mwalimu wa ng'ombe. Mwambie kiangazi kimejibu."

Na Sambu amezaa. Jike, madoa kama ya mama yake, na kelele kama za bibi yako. Mzee anasema ni wako. Atakaa hapa, atapigwa chapa yetu, na ukija Krismasi Mzee atakufundisha kuisoma, wewe na mimi, maana amesikia kwamba hata mimi sikuiona. Nani alimwambia sijui. Nadhani ni mimi.

Ameweka sharti moja tu. Usimpige picha akiwa amelala.

Shangazi yako,
Germana